Mkono Uliopimwa Haukuwa Wake

Likasi, jioni ya kuamkia safari yako

Numbi wangu,

Utaikuta barua hii ndani ya kiatu chako cha kulia, kile cha safari. Najua utakasirika kidogo, maana umekwisha kuvipaka rangi viatu hivyo na mimi nimeingiza karatasi kwa vidole vyenye masizi ya mbabula, jiko letu la makaa. Sikuiweka ndani ya sanduku kwa sababu sanduku utalifungua Kolwezi, na maneno haya yanapaswa kukufikia hapa hapa, kabla treni haijakuchukua. Kiatu lazima ukivae. Basi soma ukiwa umekaa kitandani, mguu mmoja wazi, na usimwite mtu.

Sitakufundisha kupika bukari, ugali wetu. Bukari yako ni laini kuliko yangu, na baba yako amelisema hilo mara nyingi mpaka nikaanza kuudhika. Sitakuambia namna ya kumwamkia mama mkwe, wala namna ya kukunja mashati ya bwana harusi wako Ilunga. Mama wa kwaya wamekuambia hayo yote leo mchana, wakaimba, wakarudia, nawe ukasinzia ukiwa umeshika sahani. Nilikuona. Mimi nataka kusema juu ya kitu kimoja tu, zile pakiti za vidonge tulizopewa juzi kwenye zahanati, ulizozifunga ndani ya kitenge cha kijani chini kabisa ya sanduku.

Nilizitoa jioni hii ulipokuwa unaoga. Nilikwenda nazo hadi mlango wa choo. Kisha nikarudi nikazifunga kama ulivyozifunga wewe, kwa sababu nikizitupa utanunua nyingine sokoni Kolwezi, kwa mtu anayeuza vidonge pamoja na viberiti, na huko hakuna atakayekuuliza hata lile swali ulilolijibu kwa uongo. Naogopa, mwanangu. Sijui kuandika vizuri kama wewe mwalimu mtarajiwa, kwa hiyo naweka neno lenyewe lilivyo: naogopa, na tangu juzi sijala vizuri.

Tuanze na hiyo juzi. Tulikuwa tumebanana kwenye benchi la zahanati ya kampuni, na pembeni yetu yule mama wa sauti ya kwanza ya kwaya ambaye masikio yake hayajui kupumzika. Muuguzi alipokuita nikaingia nawe. Mlango wa chumba kile haufungiki, kila mtu wa nje husikia kila kitu. Akakufunga mkanda mkononi, akaubana, akasikiliza presha, akasema, "Tension iko muzuri." Halafu akakuita mwananchi, kama serikali inavyotaka, akaanza maswali yake huku anaandika bila kuinua kichwa.

"Citoyenne, unavutaka tumbako?"

"Hapana, mama."

"Miguu inavimbaka? Inakulumaka?"

"Hapana."

"Na kichwa? Kichwa inakulumaka, ile inaanzaka na macho, unaona kama bintu inametameta?"

Uliangalia mlango kwanza. Mtu mwingine asingegundua. Kisha ukasema, "Hapana, kichwa hainilumake," na chini ya meza mguu wako ukaukanyaga wangu.

Muuguzi akainua kichwa, akanitazama mimi. "Mama, ni vile?"

"Njo vile," nikasema.

Ndivyo. Neno dogo, nikalitamka kama mtu anayeulizwa kama mvua imenyesha. Akaandika, akakupa pakiti, akakueleza kumeza kimoja kila siku. Njiani ulikuwa unaimba. Ukanishika mkono kama ulivyokuwa unanishika ulipokuwa mdogo, ukasema, "Aksanti, mama. Bangekatala, ningezala mbele ya diplome." Nami nikacheka nawe.

Usidhani sijui kwa nini ulisema uongo. Najua vizuri sana. Umebakiza mwaka mmoja wa masomo ya ualimu. Mama yake Ilunga amekwisha kushona nepi, amenieleza mwenyewe kwa kujivuna. Mimi niliacha shule nikiwa na mimba yako, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma vitabu vyako vya shule jikoni nikijifanya natafuta karatasi ya kuwashia moto. Niliposema njo vile, nilikuwa nakutafutia ile diploma. Nilikuwa naitafuta pia kwa ajili yangu, lazima nikubali. Lakini kichwa chako kinauma, Numbi, na kinaanzia machoni, na mimi najua hivyo kuliko mtu yeyote wa nyumba hii.

Unakumbuka mara ya kwanza? Ulikuwa umeanza tu sekondari. Nilikuomba chumvi. Kopo lilikuwa mbele yako, ukalitazama, ukasema, "Mama, nusu yake haiko." Nikadhani unanitania. Kisha ukasema kuna kitu kinameta pembeni ya jicho, kinatambaa, kama moto wa soudure baba anapounganisha vyuma kiwandani. Baada ya hapo kichwa kikakushika upande mmoja, ukatapika, ukalala gizani na kitambaa chenye maji mpaka jioni. Baba yako alisema ni malaria. Jirani alisema ni kusoma sana. Mimi nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba peke yangu, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia kwa mtu mwingine.

Nitakuja kwake. Kwanza nikuambie jambo langu la kuchekesha, maana nisipocheka kidogo kalamu hii nitaiacha.

Mimi mwenyewe nilikunywa vidonge hivi, tena vya aina hii hii. Usishtuke. Naimba kwaya, napokea sakramenti, na vidonge nilikunywa; mambo hayo matatu sijayapatanisha mpaka leo na sitajaribu jioni hii. Baba yako alitakiwa kukubali kwanza, ndivyo walivyotaka wakati ule, akaenda akawaambia, "Yeye njo anabebaka mimba, siyo minye. Mumupe." Nilimpenda sana siku ile.

Sasa, unajua kazi ya baba yako ilivyokuwa: juma moja anaingia asubuhi, juma linalofuata mchana, na lingine usiku. Mimi nikapiga hesabu yangu. Juma la usiku mwanamume yuko kiwandani, kitanda ni changu peke yangu, kidonge cha nini? Nikawa naiweka pakiti juu ya kabati juma hilo, naishusha tena akibadilisha zamu. Nilijiona mwerevu kuliko waliotengeneza dawa. Nikamfundisha na jirani. Muda si mrefu, wanawake wa upande wetu wa kambi ya wafanyakazi walikuwa wanameza kwa king'ora cha kiwanda. Mdogo wako Monga alitokea hapo. Mtoto wa jirani akafuata nyuma yake, na tukawa tunatazamana juu ya ua, matumbo mbele, bila mmoja kumsemesha mwenzake. Baba yako nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Ulizani kidonge nayo inaingiaka zamu ya usiku?"

Basi hilo nimelilipia, wewe ulichukue bure. Kidonge hakimwangalii mwanamume yuko wapi. Kinauangalia mwili wako, na mwili wako unataka kukipata kila siku, saa ile ile, Ilunga awepo au awe safarini. Ukisahau, kimeze mara unapokumbuka. Ukisahau siku zinazofuatana, usijitegemee tena kwa kidonge peke yake mpaka umeze juma zima bila kukosa, na Ilunga avae mpira siku hizo. Ukikimeza halafu malaria ikakutapisha muda huo huo, hesabu kwamba hukukimeza. Na kama Ilunga atakuletea ugonjwa wa wanaume wanaotembea, kidonge hakitakusaidia kitu. Simsemi vibaya Ilunga. Nasema Kolwezi ina baa nyingi.

Monga simjutii. Ni yule anayekula kuliko wote na kucheka kuliko wote. Lakini kosa langu jingine halikuleta mtoto, na mtu niliyemkosea analala chumba cha nyuma, pembeni ya mlango wako.

Mama yako mdogo Mwadi humkumbuki akiwa mzima. Alikuwa na mbio kuliko wavulana wote wa kwetu. Alicheka akiwa amefunga macho. Lakini mara moja moja, tukiwa shambani, alikuwa anasimama na jembe lake na kuniambia mimi dada yake, "Yaya, kuko kintu kinakimbia mu macho yangu." Kisha anakaa chini, anashika kichwa upande mmoja, anatapika. Mama yetu alimchanja kwenye paji la uso, akapaka dawa ya majani. Zile alama mbili juu ya nyusi zake, ulizokuwa unaniuliza ukiwa mdogo, ndizo hizo. Haikusaidia kitu.

Aliolewa na mwanamume wa Tshangalele, kule ziwani, wa kukausha na kuuza samaki. Akazaa, akazaa, akazaa tena, bila kupumzika, na uzazi wa mwisho damu ilitoka mpaka wakamwita katekista kabla ya kumwita mkunga. Mtoto huyo alipoacha ziwa, Mwadi alipanda gari la samaki akaja kwangu. Alikaa pale pale unapokaa wewe ukichambua sombe, yale majani ya muhogo.

"Yaya," aliniambia, "minye nilichoka. Mimba ingine itaniua. Bwana yangu haiko na kazi ya kampuni, dispensaire yenu haitanipokea. Unisaidie."

Hapo ndipo unapaswa kuelewa jinsi tulivyoishi. Kampuni ilimtibu mfanyakazi, mke wake, na watoto walioandikwa kwenye kadi yake. Dada wa mke hayumo. Mama mzazi hayumo. Hivyo tukaazimana majina. Mtoto wa shangazi akibanwa na kifua, anaingia kwa jina la mtoto wako. Bibi akiwa na vidonda, dawa inaandikwa kwa jina la mkwe. Hatukuuita uongo, tuliuita undugu, na mwanamke aliyekataa kuazima jina alisemwa kwenye bomba la maji mpaka akaona haya. Mimi sikuwahi kukataa. Nilijivunia hilo.

Mwadi hakuweza kwenda mwenyewe kwa jina langu, kwa kuwa muuguzi wa wakati ule alinijua sura. Nikasema, "Ntaenda minye. Ntasema ni yangu." Baada ya Monga nilikuwa nimeviacha vidonge kwa aibu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuniona nimerudi. Nikakaa kwenye kiti. Wakafunga mkanda kwenye mkono wangu. Presha yangu ilikuwa nzuri. Wakaniuliza juu ya miguu, nikajibu ukweli wa miguu yangu. Wakaniuliza juu ya kichwa kinachoanzia machoni, nikajibu ukweli wa kichwa changu. Nilijibu vizuri kila kitu, Numbi. Hakuna hata neno moja la uongo nililotamka ndani ya chumba kile, ila vidonge vilikuwa vya mtu mwingine.

Hata sikufikiri. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilipoulizwa lile swali la macho, nilimwona Mwadi na jembe lake, nilimwona kabisa, na nikasema hapana kwa sababu swali lilikuwa juu yangu. Nilidhani maswali yale ni mambo ya ofisi tu, kama yale ya kupokea posho ya unga.

Pakiti nilizituma kwa dereva wa gari la samaki, zimefungwa ndani ya soksi ya baba yako. Miezi ya kwanza Mwadi alinitumia samaki na shukrani. Baadaye akanitumia neno kwamba kichwa kimeanza kuja mara kwa mara, na kwamba siku moja vidole vilikufa ganzi kisha vikaamka. Nami nikamjibu kwa dereva yule yule, "Mwambie avumilie, mwili utazoea." Muuguzi alikuwa ameniambia kichefuchefu cha mwanzo kinaweza kuja na kupita, nami nikachukua neno la kichefuchefu nikaliweka juu ya kichwa. Nilikuwa dada mkubwa, nilipenda kuwa na jibu.

Asubuhi moja alikuwa anageuza samaki juu ya moto na mkono wa kulia ukaachia. Alitaka kumwita mwanawe, mdomo ukaenda upande. Walimlaza nyumbani kwanza, wakatafuta nani kamtupia kitu, na siku zikapita kabla hawajamleta hospitali hapa mjini. Daktari alinihoji, nikamweleza yote. Alisema hawezi kuapa kwamba ni vidonge peke yake. Alisema pia kwamba mwanamke mwenye kichwa cha namna ile hapaswi kupewa vidonge vya namna hii, kwa sababu damu inaweza kuganda na kuziba njia ndani ya ubongo, na kwamba kama Mwadi angekaa mwenyewe kwenye kile kiti, swali moja lingetosha. Kisha akaniuliza ilikuwaje mkono uliopimwa haukuwa wake.

Mume wake alimrudisha kwetu. Watoto akabaki nao. Wewe umekua ukimwona na ule mkono pajani, unajua kumkatia nyama, unajua kusubiri neno lake litoke. Tulikuambia ni wakwe zake waliomfanyia vile. Ilikuwa rahisi kuwatupia wao, wako mbali. Na Mwadi hakunipinga hata siku moja mbele ya watu.

Sasa unaelewa kwa nini nilikaa nyuma ya nyumba siku ile ya kopo la chumvi. Na sasa ona nilivyo mjinga: ninayajua haya yote, nimeyabeba miaka yote hii, na bado juzi, kwenye zahanati hiyo hiyo, nimesema njo vile. Safari ya kwanza sikufikiri. Safari hii nilifikiri, nikakuona na diploma mkononi, nikasema. Nimejichukia tangu hapo.

Labda utasema, mama anataka nizae. Hapana. Kama ningekuwa na uwezo, nepi zile za mama mkwe wako zingekaa kabatini mpaka ziliwe na nondo. Nataka usome. Nataka usimame mbele ya darasa ukiwa na chaki katika mkono unaokutii. Ila wewe siku ile ulikuwa umejaa uongo wako unaufanyia mazoezi, hukumsikia yule mama wa mtaa wa Panda aliyeingia kabla yetu, mwenye presha ya juu. Mlango ni ule ule usiofungika, mimi nilisikia. Muuguzi alimnyima vidonge hivi, kisha akamwambia, "Usilie, mama. Hii kidonge iko na dawa mbili pamoja, haikufai. Kuko ingine ya dawa moja, kuko sindano, kuko na kile banaingizaka mu kizazi. Tutaangalia ile itakufaa." Yule mama alitoka na kitu. Hakutoka mikono mitupu. Na sisi tulidanganya kwa kuogopa kutoka mikono mitupu.

Sijui ni kipi kitakufaa wewe. Mimi si muuguzi, na mara ya mwisho nilipojifanya muuguzi unaona matokeo yake kila asubuhi wakati wa chai. Ninachojua ni kwamba anayechagua lazima akujue, wewe, na kichwa chako hicho, na macho yako hayo.

Na nikikuomba hivyo, niseme pia lile la Kolwezi. Utakuwa mke wa mtu wa kampuni, utakuwa na kadi. Haitapita muda, msichana wa nyumba ya pili atakuja jikoni kwako, mume wake fundi wa baiskeli au mwuza makaa, atasema, "Yaya, unibebee pakiti moja." Atakuwa na sura ya Mwadi. Mpe chumvi. Mpe mafuta, mpe kitenge, mpe pa kulala. Dawa iliyoandikwa kwa mwili wako usimpe, hata akikusema kwenye bomba la maji. Mshike mkono mwende wote wawili, umwombee pale mlangoni mpaka wampime yeye. Ni kazi ngumu kuliko kuazima jina, nakwambia, na haikupi sifa ya ukarimu.

Na chochote utakachotumia, kidonge cha aina yoyote au sindano, ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kifua kinachoma na pumzi haitoshi, au kichwa kimekuja kwa namna usiyoijua, au jicho limepoteza nuru, au upande mmoja wa mwili umelegea, usinitumie mimi neno. Usimtumie mtu yeyote neno. Usingoje Ilunga atoke kazini. Nenda hospitali siku ile ile, uwaambie unachomeza. Mimi ni yule aliyemwambia mdogo wake avumilie.

Nimeandika mpaka makaa yamekuwa majivu. Baba yako amepita mara mbili kuniuliza ninaandika nini, nikamwambia ni namna ya kupika sombe. Alicheka, akasema Numbi anaijua kuliko wewe.

Kisha nikamsomea Mwadi barua hii, mpaka pale palipoandikwa hakunipinga. Niliona si haki kumwandika mtu bila yeye kusikia. Alikaa kwenye kitanda chake, amenigeuzia ule upande mzima wa uso. Nilidhani atalia, au atanilaani, na haki anayo. Unajua maneno yanavyomtoka, moja moja, kama anayaokota chini. Akauliza, "Numbi naye... anaonaka... ile kintu?" Nikasema ndiyo.

"Kesho," akasema, "ntaenda na weye."

Nikamwambia zahanati ni mbali kwa mguu wake. Nikamwambia hana kadi, watamrudisha mlangoni. Akatikisa kichwa. Akaninyooshea mkono wa kushoto, ule mzima, akaulaza juu ya goti langu kama watu wanavyoulaza mbele ya muuguzi.

"Bapime huyu mukono," akasema. "Na jina ya minye."

Kwa hiyo asubuhi usinitafute jikoni. Nitakuwa nimeondoka naye mapema, maana anatembea polepole. Treni yetu unaijua, haijawahi kuondoka saa iliyotangazwa, muda upo. Ukija, chukua pakiti zile ndani ya kitenge, uje nazo. Mimi nitasema kwanza. Nitamwambia muuguzi kwamba niliongopa, mlango ukiwa wazi vile vile, na mama wa sauti ya kwanza asikie, akaimbe kwaya nzima. Wewe utasema baada yangu.

Usipokuja sitakufuata na makelele. Nitakuja stesheni, nitabeba kikapu chako mbele ya watu kama mama anavyobeba, nitakubusu, sitasema neno. Lakini tangu siku hiyo, kila mtu atakayeshuka treni ya Kolwezi na kuuliza nyumba yetu iko wapi, nitafunga mizigo ya kuja kukuchukua kabla hajafungua kinywa.

Tutakaa kwenye lile benchi, Mwadi upande mmoja na mimi upande mwingine. Nafasi ya katikati tutaishika mpaka tusikie treni inapiga honi.

Mama yako,
Kayumba